Miaka Kumi ya Kutafuta Nyumba



Ukimwuliza mwanachama ye yote kwa nini chama hiki kilianzishwa, atakujibu kwa neno moja: nyumba. Hivyo, katika kutimiza miaka kumi, tumeona ni vema tueleze jinsi akina mama wa jimbo hili la Maine tulivyohangaika na kodi za nyumba mji hadi mji.

Hatukuwa wa kwanza. Katika karne ya 19 viwanda vya nguo vya Lewiston, kando ya mto Androscoggin, viliajiri maelfu ya watu kutoka Quebec, Kanada. Yale majumba ya mbao ya ghorofa tatu na nne tunayoishi yalijengwa kwa ajili ya wafanyakazi kama hao. Viwanda vilipodidimia, watu wakahama na vyumba vikabaki vitupu.

Mwezi Februari 2001 familia za kwanza za Wasomali zilihamia Lewiston kutoka Portland, mji wa bandari ulio maili kama 35 kusini, kwa sababu huko nyumba za bei nafuu zilikuwa zimekwisha. Nasi wasema Kiswahili, Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, tukafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2019 Portland iliwalaza mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, katika ukumbi wa michezo wa Expo. Novemba 2020 wapiga kura wa mji huo walipitisha sheria ya kuzuia kodi zisipande ovyo. Ni jambo jema, ila linamsaidia zaidi yule ambaye tayari ana nyumba.

Tulipoanza mwaka 2015, kilichotushinda kabisa kilikuwa dhamana. Sheria ya Maine inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana isiyozidi kodi ya miezi miwili. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa nyumba ya dola 1,000, hizo ni dola 3,000 kabla hujapewa ufunguo! Mama aliyefika juzi atazitoa wapi, na benki haimjui? Basi tukarudia tuliyoyajua toka nyumbani: upatu, ambao wenzetu wa Kongo huuita likelemba. Zamu ya kwanza tulimpa mama mwenye watoto watano aliyekuwa akilala sebuleni kwa watu.

Tulijifunza kwamba kodi ndogo ina mambo yake. Kwanza uliza: joto limo ndani ya kodi? Kama halimo, mafuta ya majira ya baridi yatakula ile nafuu yote. Pili, nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo huwadhuru watoto wadogo. Dai watoto wapimwe damu. Tatu, moto. Mwaka 2013, kati ya Aprili na Mei, moto uliwaka mara tatu katikati ya Lewiston, ukateketeza majengo tisa na kuwaacha watu wapatao 200 bila makao. Kagua king'ora cha moshi na ngazi ya nyuma kabla hujatia sahihi.

Nne, dhamana ni mali yako. Ukihama, mwenye nyumba ana siku 30 kuirudisha kama mna mkataba wa maandishi, au 21 kama mnakwenda mwezi kwa mwezi. Mmoja wetu alinyimwa yake. Tukaandika barua, tukaambatanisha picha za nyumba ilivyoachwa safi, na fedha zikarudi mfukoni mwa chama.

Tangu 2020 kodi za Lewiston nazo zimepanda. Wenzetu wameanza kutazama Augusta, Waterville, hata Bangor. Huko bila gari huendi kazini, na mkalimani ni wa kutafuta. Ndipo swali likazuka mkutanoni: anayehama aendelee kukopa dhamana kwetu? Wapo wanaosema mfuko ubaki kwa walio hapa.

Sisi twasema umfuate mwanachama. Jamani, chama hiki ni cha watu waliohama! Tukimwacha wa Bangor leo, kesho kodi itakapotutoa sisi hapa tutamwendea nani? Tulipokee jambo hili, tulipigie kura, na michango iendelee kama kawaida. Haba na haba hujaza kibaba.