Waliokata Mkia wa Pikipiki Kabla Haijawa Fasheni

Ukiperuzi Instagram siku hizi lazima ukutane na ile pikipiki iliyokatwa nyuma. Madigadi fupi, siti moja, tairi la nyuma liko wazi kama limevuliwa nguo. Watu wanaiita bobber, na wengi wanadhani ni fasheni ya juzi juzi. Kumbe ile nyuma fupi ina umri wa babu yako, na walioianzisha walikuwa vijana wa Marekani wasio na hela, waliotaka kushinda mbio tu.

Iko hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Viwanda vya pikipiki vilifungwa kimoja baada ya kingine mpaka wakubwa wakabaki Harley-Davidson na Indian. Kutengeneza pikipiki maalumu za mashindano kukawa mzigo. Chama cha mchezo huo cha huko, AMA, kikaleta daraja jipya la mbio, Class C, lililoanza kuchangamka mwaka 1934. Sharti lake kubwa: pikipiki iwe ya aina ile ile inayouzwa dukani.

Basi bwana, jamaa anakuja uwanjani na pikipiki anayoendea kazini. Anafungua taa, anatoa madigadi ya mbele, anatoa kila kitu kisichosaidia mwendo. Anakimbia. Mbio zikiisha anafunga vitu vyake anarudi nayo nyumbani.

Madigadi ya nyuma ya enzi hizo ilikuwa bati zito la chuma, refu, limeshuka mpaka chini nyuma ya tairi. Kwenye Harley nyingi kipande cha mwisho kilikuwa na bawaba, ili kiinuliwe unapotoa tairi. Vijana wakaona mbona kazi nusu imeshafanywa! Wakakiondoa hapo hapo kwenye bawaba, wengine wakapitisha msumeno. Kuna waliochukua madigadi ya mbele waliyoivua, wakaigeuza na kuifunga nyuma. Ikaitwa bob-job, kwa sababu kwa Kiingereza farasi aliyekatwa mkia ukawa mfupi anaitwa bob-tail. Nani alianza? Hakuna jina. Historia inakumbuka viwanda na mabingwa, fundi wa uani aliyeshika msumeno hayumo.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945 mambo yakanoga. Harley ilikuwa imetengeneza takribani pikipiki 90,000 za jeshi, aina ya WLA, na nyingi zikauzwa kwa raia kwa bei chee. Wanajeshi waliorudi wakazinunua, wakavua mabegi, keria na mabati ya jeshi, wakabaki na injini na siti.

Hapa kuna kitu ambacho wanaoposti picha hawakijui. Zile Harley hazikuwa na shokapu za nyuma kabisa. Fremu ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye ekseli, na mtikisiko ulipunguzwa na springi za siti. Harley kubwa zilisubiri mpaka 1958 kupata shokapu za nyuma. Kwa hiyo madigadi ilikuwa imefungwa kwa bolti tu, ukiikata fremu haijui kama umekata.

Ng'ambo ya Atlantiki, Uingereza nao wakafika kwenye siti moja kwa njia yao. Vijana wa miaka ya 1950 walikutana Ace Cafe, London, mgahawa wa barabarani uliofunguliwa 1938, na sifa ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, kama kilomita 160. Waliiga pikipiki za mashindano: usukani wa chini, vikanyagio vimerudishwa nyuma, siti ya mtu mmoja yenye nundu ya kukuzuia usiteleze unapovuta mafuta. Hizo ndizo café racer.

Aliyeumia kote huko ni abiria. Marekani wengine walimuonea huruma mpenzi wao wakafunga kikalio kidogo juu ya ile madigadi fupi, kikalio chenyewe kama andazi. Huku kwetu, ambako siti ya nyuma ndiyo inayolipa kodi ya nyumba ya bodaboda na mshikaki haushangazi mtu, lazima uonekane umechanganyikiwa.

Viwanda havikulala. Mwaka 2016 Triumph ilionyesha Bonneville Bobber, siti moja, sehemu ya abiria hakuna. Yaani kile kipande ambacho wale vijana walikitupa ili wapunguze uzito, sasa unalipa mamilioni ya shilingi upewe pikipiki isiyonacho.

Halafu kuna wale wanaotaka kuikata Boxer au TVS yao gereji ya mtaani. Hizo si WLA. Zina shokapu mbili, na vichwa vya juu vya shokapu vimeshikiliwa na fremu hiyo hiyo iliyo chini ya siti. Keria na ncha ya madigadi vinatoka bila shida, bora taa ya nyuma na indiketa zihamishiwe mahali zinapoonekana. Ila fundi akipitisha grainda mbele ya pale shokapu zinapofungwa, uzito wako wote hauna tena kitu cha kuubeba, na hilo utalijua kwenye tuta la kwanza.