Kutu

Chuma kikishika kutu, kila msemaji wa Kiswahili huona picha ileile: wekundu, unga, uharibifu. Ni picha ya kweli, ila haitoshi.

Magnetaiti, kwa mfano, ni muungano wa chuma na oksijeni, kama kutu. Lakini ni nyeusi, na sumaku huivuta kwa nguvu. Wanasayansi huitengeneza katika punje zenye upana wa nanomita 10 hivi, yaani sehemu 10 kati ya sehemu bilioni moja za mita, kisha huzipasha moto kupima uthabiti wake. Hewani, kwenye nyuzi 200 za Selsiasi hivi, punje hizo hushika oksijeni zaidi na weusi hugeuka kahawia. Sasa ni magihemaiti, nayo bado ina usumaku mkubwa. Moto ukizidi, mara nyingi kati ya nyuzi 300 na 600, atomi hujipanga upya kuwa hemataiti: nyekundu, yenye usumaku hafifu mno. Punje nazo huungana na kunenepa.

Hapo ndipo lugha inapaswa kuwa makini. Magnetaiti isiyoguswa na hewa hupoteza usumaku wake inapopita nyuzi 580 hivi, na ikipoa huurudisha. Hemataiti ikipoa hubaki hemataiti. La kwanza ni kupoteza kwa muda, la pili ni kugeuka kabisa.

Kuziita zote tatu kutu ni kumnyima mwanafunzi tofauti hiyo. Neno oksidi, yaani muungano na oksijeni, lizibebe zote, na kutu libaki kwa kile kinachomomonyoka juu ya bati.