Mswada usifie sandukuni

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja alinijia na madaftari manne mkononi. Ameandika hadithi, anauliza aipeleke wapi iwe kitabu. Nilimkumbuka marehemu mjomba wangu. Mswada wake ulikaa kwa mchapishaji mmoja miaka mingi, ukarudi umepungua kurasa, naye hakuwa na nakala. Akafa na hadithi yake. Basi leo tutazame waliotangulia walipita njia gani.

Njia ya kwanza ni ya Shaaban Robert. Zama zake Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na wachapishaji wakubwa walikuwa wa ng'ambo. Pambo la Lugha kilitoka Johannesburg, Kusadikika kikatolewa na Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze kikatolewa na Macmillan mwaka 1952. Mchapishaji wa namna hiyo hubeba gharama, na vitabu hufika mashuleni. Lakini mwandishi hungoja. Shaaban alifariki mwaka 1962. Kufikirika, alichokiandika miaka ya 1940, kilichapishwa na Oxford mwaka 1967. Mwenyewe hakukishika mkononi.

Njia ya pili ni mashindano. East African Literature Bureau, shirika lililoundwa wakati wa ukoloni mwaka 1948, liliendesha mashindano ya kuandika hadithi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja akashinda yale ya 1957/58, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka. Ndipo wasomaji walipomjua Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake. Njia hii humtoa gizani mtu asiyejulikana. Ila mshindi wa kwanza ni mmoja tu, na wengine hurudi nyumbani na miswada yao.

Njia ya tatu ni kujichapishia. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers mjini Dar es Salaam, akatoa humo riwaya zake. Hakumngoja mtu. Lakini anayefuata njia hii ndiye anayelipa karatasi na kiwanda cha uchapaji, ndiye anayezunguka na vitabu madukani, na visiponunuliwa hasara ni yake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hakuna njia ya bure. Ya kwanza hudai subira, ya pili bahati, ya tatu fedha na miguu. Kijana yule nilimwambia achague deni analoweza kulilipa. Lakini kabla ya yote anakili madaftari yale, nakala moja ibaki nyumbani, na mkataba wowote ausome mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mjomba wangu alikuwa na daftari, tena moja tu, akalitoa.