Kadi za besiboli na bati za nyumba ya mama

Najua nimeadimika, na najua pia kwa nini simu yangu haipumziki tangu mwezi uliopita. Mdogo wangu ametangaza Tanga nzima kwamba nimenunua boksi la kadi za zamani, na kwamba kadi moja ya aina hiyo iliwahi kuuzwa zaidi ya dola milioni 12. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyempigia usiku nikamwambia amwambie mama bati za nyumba zinakuja. Leo nawaeleza yote, na kwa kuwa habari yenyewe ina historia tamu, kaeni kitako.

Besiboli ni mchezo wa rungu na mpira, na Wamarekani wanaujali kama sisi tunavyojali Simba na Yanga. Zamani, tangu karne ya 19, makampuni ya sigara yalitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Baadaye wakaona heri wachape juu yake picha ya mchezaji, mteja apate hamu ya kununua pakiti nyingine. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitoa kadi ambazo leo zinaitwa T206, kila moja kubwa kidogo tu kuliko kiberiti.

Mmoja wa waliochapwa ni Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, timu ya mji huu ninaoishi. Sanamu yake iko nje ya uwanja wao, nami hupita hapo nikienda kazini. Kadi yake ilisimamishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alidai alipwe kwanza. Zilizobaki zinazojulikana ni kama 60 hivi, na mwaka 2021 moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 6.

Baada ya sigara ikaja pipi ya kutafuna. Kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa kadi kubwa za rangi mwaka 1952, zikiwa pamoja na pipi ndani ya karatasi ya nta. Kundi la mwisho la kadi za mwaka ule lilitoka msimu ukiwa ukingoni, watoto wameshahamia mambo mengine, likadoda. Sy Berger, mtu wa Topps aliyezibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 walipakia maboksi yaliyododa kwenye tishari la takataka na kuyamwaga baharini Atlantiki. Ndani ya kundi hilo ilikuwemo kadi ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Hiyo ndiyo iliyouzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022.

Basi sasa boksi langu. Hapa mtu akifariki, ndugu zake hupanga vyombo vyake uani wakauza. Nikamkuta bibi mmoja anauza vitu vya marehemu mumewe, nikaona boksi la viatu limejaa kadi. Dola 45. Nililipa bila kuomba punguzo, mkono unatetemeka.

Jumamosi nikalipeleka duka la kadi. Mwenye duka, mzee mpole, aliosha mikono, akaikausha, ndipo akagusa. Alinifundisha kwamba kadi hukaguliwa mambo manne: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Pembe ziwe kali kama za noti mpya. Zikianza kuwa mviringo, bei inaporomoka. Kingo zisiwe zimechubuka. Uso usiwe na mkunjo, mkwaruzo, doa la nta wala la pipi. Nafasi nyeupe kuzunguka picha ilingane pande zote. Kuna makampuni yanayolipwa kupima haya. Hutoa alama kuanzia 1 hadi 10 kisha huifunga kadi ndani ya kasha la plastiki. Kadi ileile, picha ileile, tofauti ya alama 8 na alama 9 yaweza kuwa bei ya nyumba.

Akatoa pia taa ile ya zambarau ya kukagua noti bandia. Karatasi nyingi za kisasa hutiwa dawa ya weupe, kwa hiyo hung'aa chini ya taa hiyo. Karatasi ya 1910 haing'ai. Kadi ya "1910" inayowaka kama taa ya harusi, basi umeshaibiwa.

Boksi langu likatenganishwa mafungu mawili. La kwanza, kubwa, lilikuwa kadi za 1988 hadi 1991, safi kama zimetoka kiwandani. Nikatabasamu. Mzee akatikisa kichwa. Miaka ile watu walikuwa wamesikia kadi za baba zao ni mali, basi kila mtu akanunua akaweka, na viwanda vikachapa bila kipimo. Za zamani zina thamani kwa sababu akina mama walizitupa na watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli zilie kama pikipiki. Hizi hakuna aliyezitupa. Bei ya fungu zima: hakulitaka hata bure.

Fungu la pili lilikuwa kadi 11 za miaka ya 1950. Pembe za mviringo, mikunjo, na moja ina tundu la pini juu ya kichwa cha mchezaji. Kwa zote alinipa bei ya dola 30. Ndugu zangu, hapo ndipo bati zilipoondoka na upepo.

Nikamuuliza mzee, kwa hiyo kadi aliyoipenda mtoto haina bei, na ambayo hakuna aliyeigusa ndiyo mali? Akacheka, akanisimulia habari ya Wagner maarufu kuliko wote. Mwaka 1991 kadi hiyo ilinunuliwa dola 451,000 na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky pamoja na mwenzake. Ndiyo ya kwanza kupimwa na kampuni ya PSA, ikapewa 8. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake ili ionekane mpya. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Usafi wenyewe uliolipiwa mamilioni ulitoka kwenye kisu.

Sasa mfikirieni Jefferson Burdick, ndiye aliyebuni hilo jina T206. Alikuwa mgonjwa wa viungo, mtu wa kipato cha kawaida. Alikusanya kadi za kila aina zaidi ya 300,000, akazipa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alikwenda mwenyewe kuzipanga, akizibandika kwenye albamu kwa gundi, hadi alipomaliza Januari 1963. Miezi miwili baadaye akafariki. Kwa vipimo vya leo gundi ni uharibifu. Lakini kama si yeye, tusingejua hata kadi zipi ziliwahi kuwepo.

Nilikumbuka sisi tulivyokuwa tukikata picha ya Sunday Manara gazetini na kuibandika ukutani kwa uji wa unga. Ingepata alama ngapi?

Zile kadi 11 sikuuza. Ile yenye tundu nimeiweka juu ya meza ninapoandika. Kuna mtoto aliamka kila siku akaiona.

Mama, nisamehe. Bati nitanunua kwa mshahara, taratibu, nusu mwezi ujao na nusu baadaye. Na wewe shemeji uliyeniuliza juu ya zile heller za Mjerumani alizoacha babu: usizisugue kwa majivu wala limao! Uchakavu wake ndio ushahidi wake, ukizing'arisha unafuta bei. Zifunge kwenye karatasi kavu unisubiri.

Wasalaam, tutaonana tena hapahapa.