Ugonjwa wa Moyo Huanza Mapema

Wengi wetu hudhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee. Leo tuone jinsi madaktari walivyogundua kwamba huanza mapema.

Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya kushangaza. Walikuwa wamepasua maiti 300 za wanajeshi waliofia katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 hivi. Hata hivyo, zaidi ya 7 katika kila 10 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo damu.

Je, ulianza lini? Mwaka 1973 Daktari Gerald Berenson alianza kuwafuatilia watoto wa mji wa Bogalusa, Marekani. Aliwapima uzito, presha na kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo katika damu. Baadhi yao walipofariki mapema, wengi kwa ajali, mishipa yao ilichunguzwa. Michirizi ya mafuta ilionekana hata kwa watoto. Ilikuwa mingi zaidi kwa wale waliokuwa na uzito, presha na kolesteroli ya juu.

Ugonjwa huu huja hivi. Presha na moshi wa sigara hudhuru ukuta wa ndani wa mshipa. Kolesteroli hupenya na kukaa humo. Chembe nyeupe za damu huja kuisafisha, lakini zikishiba mafuta hukwama. Hiyo ndiyo michirizi. Miaka ikipita, hugeuka uvimbe unaobana njia ya damu, na huenda mtu asisikie maumivu yoyote. Siku uvimbe ukipasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mama, usiogope. Michirizi ya mwanzo si lazima iwe ugonjwa. Samaki mkunje angali mbichi. Punguza mafuta ya kuganda, chumvi na soda. Mpe mtoto maharagwe, mboga na matunda. Mwache acheze na kukimbia. Sigara isivutwe nyumbani. Nawe mwenyewe, ukienda kliniki, omba upimwe presha.