Kutoamini na Kukana: Suala la Dhambi katika Fikra za Wamormoni

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana zaidi kwa jina la Wamormoni, lilitambuliwa na serikali ya Zaire mwaka 1986. Utambuzi huo ulihitajika kwa kuwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilikuwa imeziweka dini zote chini ya uangalizi wa dola. Pamoja na Kanisa hilo liliingia nchini swali ambalo makala haya yanakusudia kulichunguza: je, mtu asiyeamini kwa moyo mnyofu hutenda dhambi?

Kwanza yafaa tuyapime maneno. Kutoamini ni kukosa kitu. Kukana ni kutenda jambo. Neno kufuru nalo limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika, na afunikaye kitu hana budi kujua kwamba kipo. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja yetu.

Mwezi Machi 1831 Joseph Smith alifundisha kwamba wengine hupewa kipawa cha kujua, na wengine hupewa kuyaamini maneno ya hao wanaojua. Ikiwa kujua ni kipawa, asiyepewa atalaumiwaje? Februari 1832, huko Ohio, yeye na Sidney Rigdon walitangaza ono la daraja tatu za utukufu. Nje ya daraja zote wamewekwa wana wa upotevu, yaani wale walioujua uwezo wa Mungu kisha wakaukana. Watu waheshimiwa waliopofushwa na hila za wanadamu wamepewa daraja ya kati. Hawakuhesabiwa pamoja na wakanaji, ingawa utukufu wa juu hawaufikii.

Hata hivyo, upo upande wa pili. Ufunuo wa Septemba 1832 uliwakemea waumini wenyewe kwa kutoamini kulikoambatana na kupuuza waliyopokea. Katika Kitabu cha Mormoni, Korihor anaipinga imani waziwazi. Sheria ya nchi haikumwadhibu mtu kwa itikadi yake, lakini mwishowe anakiri kwamba siku zote alijua ukweli. Kisa hicho chamhukumu mkanaji. Kuhusu mtu asiyejua kweli, hakisemi neno.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na mafundisho ya baadaye. Mwaka 1840 ulianza kufundishwa ubatizo kwa ajili ya wafu, na Oktoba 1918 Joseph F. Smith alieleza ono la Injili kuhubiriwa kwa roho za marehemu. Kwetu Bukavu fundisho hilo lina uzito, maana lawagusa wahenga waliofariki kabla ya misheni ya kwanza kufika Kivu. Lakini asiyesikia si sawa na aliyesikia, akatafakari, asisadiki. Wa kwanza udhuru wake ni dhahiri. Wa pili bado huhitaji kutetewa.

Twahitimisha kwamba, katika fikra hizo, kutoamini kwa unyofu ni upungufu, si dhambi kwa nafsi yake. Dhambi huanza pale mtu anapokana alijualo au kupuuza alilopewa. Kwa hiyo mhubiri na mfasiri wa Kiswahili hawana budi kuchagua neno kwa uangalifu: kumwita asiyeamini mkanaji ni kumshtaki kwamba amekificha kitu ambacho hajapata kukiona.