Mwizi Akishikwa Ukumbini

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hawakutuambia siku hiyo ya arobaini ikifika, mwizi akiwa amebanwa mlangoni na begi la mwenzake mkononi, afanywe nini. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze wiki hii, mpenzi msikilizaji, na nitalianzia mahali ambapo pengine hukutarajia: katika ukumbi wa mashindano ya kadi, kule Marekani.

Mwaka wa 1993 mwanahisabati mmoja Mmarekani, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering. Hizi si karata zetu za kopa na shupaza. Kila mchezaji hununua kadi zake mwenyewe, akazichagua na kuzipanga kwa ajili ya kushindana. Nyingi bei yake ni ya peremende. Nyingine zilichapishwa chache, na kwa kuwa wanaozitaka ni wengi, bei yake imepanda hadi kutisha. Mwezi wa Januari 2021, kadi moja iitwayo Black Lotus, ya toleo la kwanza, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Nasikia mtu akicheka kwamba hiyo ni karatasi tu. Hata noti iliyo mfukoni mwako ni karatasi.

Sasa fikiria ukumbi wenye mamia ya wachezaji, meza zimesongamana, na kila mtu begi lake liko chini ya kiti. Mwizi hahitaji bunduki wala giza. Anangoja mwenye begi azame katika mchezo, analivuta taratibu, anatoka nalo kama lake. Wakati mwingine haibi begi bali shehena. Agosti 2023, mjini Indianapolis, wachuuzi walipokuwa wakipanga bidhaa zao kwa maonyesho ya michezo ya Gen Con, mzigo mzima wa kadi wenye thamani ya dola 300,000 uliondolewa ukumbini kwa mkokoteni wa kubebea mizigo. Polisi walianza kwa kutazama picha za kamera.

Ndiyo maana wachezaji wa mchezo huo huulizana swali ambalo sisi tunalijua vizuri mno: nikimwona mtu anaondoka na begi langu, je, naweza kumpiga?

Swali hilo linanirudisha nyuma miaka kadhaa, siku niliyotumwa kuripoti mashindano ya sataranji katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Palikuwa kimya, vichwa vimeinamia mbao, mara sauti ikapasuka: "Mwizi! Mwizi!" Mlangoni palikuwa na kijana wa miaka kama kumi na minane, begi jeusi begani. Waliomfikia kwanza hawakuuliza kitu. Zilimshukia ngumi, kisha mateke, kisha mtu akainua kiti. Mwamuzi wa mashindano, mzee wa umri wa baba yangu, akajitupa juu ya yule kijana akipiga kelele: "Mnaua mtoto wa watu! Fungueni begi kwanza!"

Begi likafunguliwa. Ndani mlikuwa na sare ya shule na daftari lenye jina la kijana mwenyewe. Begi lililotafutwa, jeusi vilevile, likapatikana chini ya meza ya tatu, lilikokuwa limesukumwa na miguu ya watu. Yule kijana alitoka mle na meno mawili pungufu. Na mimi, msikilizaji? Nilikuwa hatua tano kutoka hapo, nimeshika kinasa sauti. Sikupiga, wala sikuzuia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi watu wa kale walivyolijibu swali hili. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mwizi akikutwa akivunja nyumba usiku, akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, damu ya mwizi huyo itadaiwa. Warumi nao, katika ile sheria yao ya Mbao Kumi na Mbili ya karne ya 5 kabla ya Kristo, waliruhusu mwizi wa usiku auawe. Mwizi wa mchana hakuuawa ila alipojitetea kwa silaha. Mataifa mawili, dini mbalimbali, mpaka ni ule ule. Mimi nauelewa hivi: usiku huoni mwizi ameshika nini, wala hujui amekuja kuiba au kuua. Ruhusa ile ilitokana na hofu ya uhai wa mwenye nyumba. Bei ya mali haikuwamo katika hesabu.

Waingereza walichelewa kulielewa hilo. Matajiri wao walikuwa na desturi ya kutega bunduki mashambani: waya unafungwa kwenye kifyatulio, mwizi anagusa waya, risasi inatoka yenyewe. Mwaka wa 1825 bwana mmoja aitwaye Holbrook alikuwa na bustani ya maua ya tulipu iliyozungushiwa ukuta. Maua hayo yalikuwa ya thamani, na alikuwa amekwisha kuibiwa ya pauni 20 hivi. Akatega bunduki. Hakuweka tangazo, kwa sababu alitaka mwizi anaswe.

Aliyenaswa hakuwa mwizi. Alikuwa kijana wa miaka 19, jina lake Bird. Tausi wa jirani aliruka ukuta, mtumishi aliyekuwa akimlinda akahangaika, Bird akajitolea kumsaidia. Alipanda ukutani, akabisha hodi mara mbili tatu, hakujibiwa, akarukia ndani mchana kweupe. Risasi zikampata gotini. Mwaka wa 1828 mahakama iliamua kwamba Holbrook alikosa na ni lazima amlipe fidia. Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, yaani 1827, Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kupiga marufuku mitego ya namna hiyo, isipokuwa ndani ya nyumba ya kukaa nyakati za usiku.

Lakini je, kama aliyenaswa ni mwizi kweli? Hilo lilijibiwa Marekani, jimbo la Iowa. Mwaka wa 1967 Bwana Katko, mpenda chupa na mitungi ya zamani, aliingia katika nyumba ya shamba isiyokaliwa na mtu ili ajichukulie. Wenyewe, mume na mke wa ukoo wa Briney, walikuwa wamechoka kuvunjiwa. Walikuwa wametega bunduki chumbani, nayo ikamvunja mguu. Katko alikiri wizi mahakamani na akatozwa faini. Kisha akawashtaki waliomtegea, naye akashinda: dola 30,000 kwa jumla. Mahakama Kuu ya Iowa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka wa 1971, na wenye nyumba wakalazimika kuuza sehemu ya shamba lao. Chupa zenyewe hazikufika dola 20.

Usidhani hizi ni hadithi za ng'ambo tu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inasema mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali atapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kesi ya tulipu ilikuwa ya fidia, si ya jinai, lakini mzizi ni mmoja: nguvu iwe ya lazima, na ilingane na hatari iliyopo. Sheria zetu pia zinampa raia wa kawaida haki ya kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Kwa hiyo, awe Indianapolis au Nairobi, mchezaji anaweza kuling'ang'ania begi lake, kulivuta, kumzibia mwizi njia, kumshika mkono mpaka askari afike. Mwizi akichomoa kisu, mambo yamebadilika, sasa unatetea roho yako. Lakini begi likisharudi na mwizi ameshikwa, kila kofi linalofuata ni adhabu, na hiyo ni kazi ya hakimu.

Nakubali, wako wasioona hivyo. Jimbo la Texas, kwa mfano, sheria yake inaruhusu katika hali fulani hata kumuua mtu ili kuzuia wizi wa usiku. Na hapa kwetu najua utakaloniambia: polisi wanachelewa, na mwizi uliyempeleka kituoni Jumatatu utakutana naye sokoni Jumatano. Lalamiko hilo ni la haki, na dawa yake ni kuwabana wenye vituo na mahakama. Kiti kile kilichoinuliwa ukumbini kisingemfanya askari yeyote afike mapema. Kingemuua mtoto aliyebeba daftari zake.

Holbrook alikuwa na hakika kwamba atakayegusa waya ni mwizi. Watu wa ukumbi ule nao walikuwa na hakika. Bunduki ya mtego haiwezi kumuuliza mtu umekuja kufanya nini. Sisi tunaweza, kwani tuna midomo. Siku nyingine nikisikia kelele za "Mwizi!", najua cha kufanya, na naomba nawe ufanye hivyo: nitaweka kinasa sauti chini, nisimame alipokuwa amesimama yule mzee, niseme begi lifunguliwe kwanza.

Hadi wiki ijayo.